Bango la Bi Zuwena

Wembe ulikuwa mkuukuu, na kidonge kilikuwa kidogo kuliko punje ya hindi. Bi Zuwena alikipachika kwenye ufa wa mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa ufa ule ulikishika vizuri, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa havishiki kitu tangu mwaka juzi. Akasema bismillahi, akabonyeza. Kidonge kikapasuka upogo. Kipande kimoja kikabaki ufani, cha pili kikaruka na kupotelea uvunguni mwa kitanda.

Alipiga magoti kwa taabu, la kulia kwanza, la kushoto likifuata kwa kuburutwa, akaanza kupapasa sakafu ya udongo. Tausi, bintiye, aliingia na mzigo wa makuti kichwani akamkuta vile vile.

“Watafuta nini huko, mama?”

“Pete.”

“Nyumba hii ina pete moja, nayo ninayo mimi kidoleni.”

Bi Zuwena aliendelea kupapasa. Kipande kilikuwa kimeangukia vumbini, karibu na mguu wa kitanda. Akakipuliza, akakifuta, akakifunga kwenye pindo la khanga kiwe cha kesho. Cha leo akakimeza bila maji. Tausi aliuona wembe juu ya mbuzi, akaelewa, akautua mzigo wake pale mlangoni kwa kishindo.

“Tangu lini?”

“Tangu waliposema dawa hazijaja.”

“Mama! Si uliambiwa kizima, kila siku, uumwe usiumwe?”

“Aliyeniambia kizima alikuwa nacho mkononi. Mimi nina nusu, nifanyeje?”

Mwaka juzi, kwenye harusi moja ya watu wa Ushongo, Bi Zuwena alikuwa amesimama katikati ya wanawake akiwaongoza nyimbo, kama alivyowaongoza tangu usichana wake. Pwani ile hapakuwa na mwanamke mwenye ulimi kama wake. Akimwimba mama mkwe, mama mkwe hucheka huku akitafuta mlango. Siku hiyo alifungua kinywa atoe ubeti, ukatoka ute. Mkono ukaanguka, mguu ukamkana, mdomo ukaenda upande. Walimbeba wakisema ni jini, ni kijicho, ni kisasi cha wale aliowahi kuwaimba. Kumbe ilikuwa presha, ambayo alikuwa nayo miaka mingi na hakuna aliyewahi kumpima.

Ulimi ulirudi. Ulichelewa, lakini ulirudi, na yeye mwenyewe alikuwa akisema mkono Mwenyezi Mungu auchukue tu, kwa sababu hajawahi kumshinda mtu kwa mkono.

Ndipo mradi wa kuzuia kiharusi ulipokuja kwenye zahanati ya Mikokoni, kijijini kwao. Daktari wa mradi, mwanamke mmoja mpole aitwaye Loveness, alikaa naye chini kwenye mkeka, akamshika ule mkono uliokufa, akamwambia maneno ambayo Bi Zuwena hakuyasahau. “Bibi, kiharusi cha kwanza kimekubishia hodi. Cha pili hakibishi, kinaingia. Lakini mlango tunaweza kuufunga, mimi na wewe.” Kisha akamweleza namna ya kuufunga.

Bi Zuwena akaufunga kwa komeo zote. Papa mkavu, aliyelelewa naye tangu alipoachishwa ziwa, alimpa talaka tatu. Chumvi akaiacha, akawa anakula mchicha unaonuka mchicha. Tambuu na tumbaku yake akavitupa chooni mbele ya mashahidi ili asije akasema alidondosha kwa bahati mbaya. Kila alfajiri baada ya sala alitembea mpaka msikiti wa juu na kurudi, akiburuta mguu, na majirani walimcheka mpaka wakazoea. Na kidonge kila siku. Kila mwezi alikwenda zahanati, akapewa vyake, akapimwa, presha ikawa inashuka kama maji ya pwani yanavyotoka.

Kwa hiyo wakampiga picha. Wakaichapa kwenye turubai kubwa la plastiki, Bi Zuwena anacheka, mkono wa kulia ameunyanyua na kidonge kati ya vidole, na juu yake na chini yake maandishi mekundu: KIHARUSI CHA PILI KINAZUILIKA. Bango likafungwa kwenye lango la zahanati. Watoto wakaanza kumwita Mama wa Bangoni, naye akawa anajidai kununa.

Lakini kilichomfurahisha kuliko bango ni kwamba aliyempimia presha kila mwezi alikuwa Masoud. Masoud ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi wa zahanati ile, na Masoud alikuwa mwanawe wa kunyonya. Alipozaliwa, mama yake, Mwamvua, alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Bi Zuwena alikuwa na Tausi mchanga. Mtoto wa Mwamvua akapitishwa dirishani kwake, akamweka upande mmoja na Tausi upande wa pili. Ziwa la kushoto ndilo lililokuwa likijaa zaidi, nalo alipewa mgeni, kwa sababu mgeni ndiye aliyekuwa akifa. Mwamvua alikwishatangulia mbele ya haki. Masoud alikuwa akimwita Bi Zuwena mama bila kuongeza neno, na kwa Tausi alikuwa ndugu ambaye dini yenyewe inamkataza kumwoa.

Kisha, baada ya mfungo, dawa zikakatika. Bi Zuwena alikwenda mwezi wa kwanza akaambiwa hazijaja. Mwezi wa pili, hazijaja. Masoud alimwambia kwa upole, akiwa ameegemea mlango wa stoo, na mlango ulikuwa umefungwa.

Wiki ile ya wembe, Tausi alivuka kivuko akaenda Tanga, kwa shangazi yake aliyeishi mtaa wa Mabawa. Akarudi na karatasi moja tu ya vidonge na uso uliokunjamana. Mama alipomuuliza amevipata wapi alisema dukani, akatoka nje kushona makuti. Hoteli moja ya Ushongo ilikuwa inajenga ukumbi mpya, na wanawake wa Mikokoni walikuwa wamepewa kazi ya kushona makuti ya paa. Bi Zuwena naye alishona. Alibana ufito kwa vidole vya mguu wa kulia, akapitisha ung'ongo wa kushonea kwa mkono wa kulia, akakaza kwa meno.

Karatasi ile ya vidonge iliisha. Ndipo Masoud alipokuja nyumbani, alasiri, na sukari na doti ya khanga mpya.

“Shikamoo mama.” Akaubusu mkono wake, akakaa mkekani, hakutaka kiti.

“Marahaba, baba. Umekonda. Samiha hakupikii?”

“Kazi, mama. Kazi nyingi.” Akacheka kidogo. “Keshokutwa tuna ugeni. Dokta Loveness na watu wa wafadhili, na Bwana Wilfred kutoka wilayani. Wote wataka kukuona wewe.”

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alisema Bi Zuwena. “Waje na dawa tu, mengine tutawasamehe.”

Masoud alivuta uzi wa mkeka. “Hilo ndilo lililonileta. Watakuuliza kama dawa wazipata.”

“Nami nitawaambia hazijaja. Si wewe uliyesema hazijaja?”

Tausi alikuwa uani, mlango uko wazi, na alikuwa ameacha kushona. Aliingia, akapenya mkono chini ya godoro, akatoa boksi dogo la dawa, tupu, akaliweka mkekani kati yao. Lilikuwa na picha ya nembo ya mradi, moyo juu ya kiganja. Chini ya picha, mahali palipokuwa pamepigwa mhuri wa HAZIUZWI, palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe, na herufi mbili za mwisho zilikuwa zimebaki.

“Zilikuja,” alisema Tausi. “Nimezikuta Mabawa, kwenye duka la dawa la mkeo, Samiha. Nilijifunika uso, hakunijua. Aliniambia, chukua hizi dada, ni za uhakika, za wafadhili.”

Bi Zuwena alilitazama boksi, kisha akamtazama Masoud. Alikuwa akimngoja akatae. Alikuwa tayari kumwamini, angesema lolote, angesema ni boksi la mwaka jana, angesema Tausi kaona vibaya, yeye angeshika hilo hilo. Masoud hakukataa.

“Dada, wadhani nala peke yangu?” alisema kwa sauti ya chini. “Mzigo hauji mzima. Unamegwa huko juu, unamegwa wilayani, ukifika kwangu ni makombo, na mimi nasaini kwamba nimepokea mzima. Nikigoma, analetwa mwingine asiyegoma.”

“Na makombo ukayapeleka dukani.”

“Nina watoto.”

“Na mama unaye,” alisema Tausi. “Au mama si wako tena, akishakatika ziwa?”

Masoud alimgeukia Bi Zuwena, akamshika magoti yote mawili. “Mama. Nimenyonya ziwa lako. Leo utanivua nguo mbele za watu?”

Ilimuuma. Ilimuuma mahali ambapo hajui pa kupashika. Angetukanwa na mtu baki angejua la kumjibu, na jibu lingeimbwa mpaka Pangani. Lakini huyu alikuwa kijana wake, na kwa watu wa kwao aibu ya mtoto haitandazwi barazani. Mama huikunja, akaisitiri, na kama ni kumkaripia, humkaripia chumbani mlango umefungwa. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Mwamvua akiwa kaburini alikuwa anamtazamia yeye.

“Nikikusitiri, dawa zitarudi?” aliuliza.

“Zitarudi, mama. Wakiridhika wataongeza mzigo. Na wewe utakuwa wa kwanza kupata.”

“Apa.”

“Wallahi.”

“Apa tena, Masoud.”

“Wallahi billahi tallahi.”

Akatoa mfukoni vidonge vichache, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. “Anza na hivi leo. Siku ile uwe vizuri, watakupima.” Akaubusu tena mkono wake, akaondoka. Alipoinuka mkekani alilichukua na lile boksi tupu.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Tausi.

“Nyamaza. Ni nduguyo.”

“Ndugu yangu aniuzia uhai wa mama yangu?”

“Nimesema nyamaza, Tausi! Yeye ndiye atakayezirudisha. Wewe utazitoa wapi?”

Na Tausi, ambaye hakuwa na pa kuzitoa, alinyamaza.

Siku ya ugeni uwanja wa zahanati ulifagiliwa tangu asubuhi. Viti vilipangwa, bango likafutwa vumbi kwa kitambaa cha maji, na Bi Zuwena akakalishwa mbele kabisa, chini ya uso wake mwenyewe, amevaa ile khanga mpya. Alikuwa amemeza vidonge vya ugeni kama alivyoagizwa. Hata hivyo kichwa kilikuwa kinamgonga tangu alfajiri, nyuma, kisogoni, maumivu aliyokuwa akiyajua.

Loveness alipomwona alimkumbatia. Bwana Wilfred, mtu mnene mwenye miwani juu ya kipaji, alimpa mkono bila kumtazama, kisha akaukuta ni ule wa kushoto, ukaning'inia mkononi mwake, akauachia haraka.

“Tuanze na kipimo,” alisema Bwana Wilfred. “Wageni wetu waone wenyewe.”

Masoud alimfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akajaza upepo, akaweka mipira masikioni, akainama. Bi Zuwena alikuwa amepimwa mara nyingi kiasi kwamba aliujua mwendo wake: kitambaa kinabana, upepo unatolewa, Masoud anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, basi. Leo alibana, akaacha, akabana tena zaidi, mpaka vidole vikamfa ganzi. Akasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mara moja tu aliinua macho, yakakutana na ya Bi Zuwena, na hapo hapo akayashusha.

Akavua mipira, akasimama wima. “Mia na thelathini,” alitangaza, “kwa themanini.”

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Loveness alifuta jicho kwa kidole, na hakuwa anaigiza.

“Mama Zuwena,” alisema, akichuchumaa mbele yake, “nataka uniambie wewe mwenyewe, usimwogope mtu. Tangu tulipoachana, kuna mwezi wowote ulikosa dawa?”

Lilikuwa swali la kweli, na aliyeliuliza alikuwa anataka kulijua jibu. Bi Zuwena aliliona hilo. Alimwona na Tausi, amesimama nyuma ya wanawake wengine, mikono kifuani, anamkazia macho. Aliliona tone la jasho likishuka shavuni mwa Masoud. Ule ulimi uliowahi kuwatimua mama wakwe harusini ulikuwa kinywani mwake, mzima, na hakuna aliyeushika.

“Mwanangu huyu,” alisema, “hawezi kuniacha nikose.”

“Kwa hiyo unapata kila mwezi?”

“Napata. Alhamdulillahi.”

Makofi tena. Tausi akageuka, akatoka uwanjani.

Halafu Bwana Wilfred alimkaribisha Loveness aseme neno la kufunga, na Loveness akasema kwa furaha yote ya moyo wake. Alisema Mikokoni imewapa funzo. Alisema palikuwa na watu waliodai kijiji hakiwezi, na sasa watapelekewa picha ya Mama Zuwena wajionee. “Ninyi mmeshasimama kwa miguu yenu. Kwa hiyo tumekubaliana na wilaya kwamba kuanzia mwezi ujao mradi utahamia kwa wenzenu ambao bado hawajafikiwa. Dawa mtaendelea kuzipata kwa utaratibu wa kawaida wa zahanati. Jipigieni makofi.”

Watu wakajipigia makofi. Bi Zuwena naye alipiga, mkono mmoja juu ya paja, mara mbili tatu, kisha mkono ukasimama. Alimtafuta Masoud kwa macho. Masoud alikuwa anamfungulia Bwana Wilfred soda.

Alimngoja mpaka magari yalipoondoka. Alimkuta anakunja kile kitambaa cha kupimia na kukitia kwenye mkoba.

“Masoud. Wamesema wanahama.”

“Nimesikia, mama. Hata mimi sikujua. Nitazungumza na Bwana Wilfred.”

“Na ulisikia ngapi?”

“Nini?”

“Ulipoweka masikio. Ulisikia ngapi, mwanangu?”

Masoud alifunga zipu ya mkoba. “Nenda kapumzike, mama. Jua kali.”

Kutoka siku ile zahanati haikumpa Bi Zuwena hata nusu ya kukata kwa wembe. Alitembea alfajiri zake kama kawaida. Alikula mchicha wake bila chumvi. Alifanya yote aliyofundishwa ila lile moja lililokuwa mikononi mwa watu wengine. Tausi aliuza kuku, akanunua dawa, ikaisha, na kuku hawakuwepo tena. Mwezi ulipogeuka Bi Zuwena alijikokota mpaka zahanati akamkuta binti mgeni aliyevaa sare mpya, jina lake Bibiana, amekaa peke yake kwenye benchi la wagonjwa.

“Namtaka Masoud.”

“Amehamishwa, bibi. Amepandishwa cheo, yuko wilayani, msaidizi wa Bwana Wilfred. Si ndiye aliyefanya vizuri na ule mradi?”

Bibiana alikuwa na moyo mzuri. Alimfungulia stoo aone kwa macho yake asije akadhani ananyimwa. Palikuwa na maboksi ya vipeperushi, mengi, yamepangwa mpaka darini, na kwenye kila kipeperushi Bi Zuwena alikuwa anacheka.

“Basi nipime.”

“Kipimo kiliondoka na vitu vya mradi.”

Tausi, aliyekuwa amemsindikiza, alimpigia Masoud simu palepale, akamwekea mama sikioni. Iliita sana. “Mama,” sauti ya Masoud ilisema, na nyuma yake kulikuwa na vicheko vya watu, “niko kikaoni. Nitakupigia.” Bi Zuwena alirudi nyumbani na simu mkononi. Aliilaza kando ya mto wake, na hata akienda uani aliibeba.

Cha pili kilimkuta anashona makuti. Ilikuwa asubuhi, wanawake wamekaa uani kwenye kivuli cha ukuta, wanamalizia shehena ya mwisho ya ule ukumbi wa Ushongo, naye alikuwa anawaimbia kwa chini chini wimbo wa zamani wa kumsema mume mchoyo. Tausi aliinua uso kwa sababu wimbo ulikatika katikati ya neno. Ung'ongo ulikuwa umeanguka. Mkono wa kulia, ule mzima, ule wa kwenye bango, ulikuwa umelala juu ya makuti, kiganja juu.

“Mama?”

Kinywa kilikuwa wazi. Macho yalikuwa yanaona kila kitu.

Walimkimbiza zahanati wakipokezana mgongoni. Bibiana alimtazama akaanza kulia. Hakuwa na kipimo, hakuwa na gari, hakuwa na namba ya simu inayopokelewa. “Mfikisheni barabara kuu, mtapata gari la kwenda kivukoni.”

“Machela iko wapi?”

“Ilikuwa ya mradi.”

Tausi alitoka mbio mpaka langoni, akashika ncha ya bango, akavuta. Kamba zilikuwa imara. Bibiana alimfuata, akasema, “Dada, hilo ni mali ya…” kisha hakumaliza, akarudi ndani, akaja na mkasi, akazikata kamba mwenyewe. Wakalitandika chini, wakamlaza Bi Zuwena juu ya uso wake unaocheka, wanawake wakashika pembe zote, wakainua. KIHARUSI CHA PILI kilikuwa upande wa kichwa. Lile neno la mwisho lilikuwa chini ya miguu yake.

Njia ya kwenda barabarani ni mchanga mtupu, na mchanga una uzito wake. Walikuwa nusu ya safari walipoliona gari jeupe la wilaya linakuja mbele yao likielekea Ushongo. Tausi alisimama katikati ya njia. Gari likasimama. Akashuka Masoud, shati limepigwa pasi, kitambulisho cha semina kinaning'inia shingoni. Bwana Wilfred alibaki ndani, kioo kimefungwa.

Masoud alipiga magoti mchangani. Alimfunua mama jicho, akauinua mkono wa kulia, akauachia, ukaanguka. Ile ilikuwa kazi yake, na aliijua vizuri. Kisha akauchukua ule mkono tena na kuukandamiza kwenye paji la uso wake.

“Mama. Mimi Masoud. Niwie radhi, mama. Kwa ziwa lako nililonyonya, niwie radhi.”

Wanawake waliganda. Jambo hili si la mzaha pwani. Ambaye ziwa halikumwia radhi hana pa kwenda, duniani hastawi na peponi haingii, na radhi hairithiwi wala haitolewi kwa niaba. Huitamka mwenye ziwa kwa kinywa chake. Mwanamke mmoja mzee akasema taratibu, “Sema, Zuwena. Kama wamwia, sema.”

Bi Zuwena alisikia. Maneno yote alikuwa nayo, yamepangana ndani kama zamani, na hakuna hata moja lililopotea. Alikuwa na jambo la kumwambia Masoud, nalo halikuwa radhi wala laana. Alitaka kumuuliza tena alisikia ngapi. Alikusanya nguvu zote za mwili uliobaki, akalisukuma swali mpaka kinywani, ikatoka sauti moja ndefu, nzito, isiyo na herufi.

Masoud aliinamisha kichwa, akaweka sikio karibu na mdomo wake, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda, jasho likimtoka juu ya mdomo. Kisha akainuka, akajipangusa mchanga magotini, akawageukia watu.

“Amesema,” alitangaza. “Amenipa radhi. Mmesikia wenyewe.”

“Hajasema kitu,” alisema Tausi.

“Nimesikia mimi, niliyeinama.”

Kioo cha gari kiliteremka. “Masoud,” Bwana Wilfred aliita, “wageni wameshaingia hotelini. Taarifa ya Mikokoni unaisoma wewe.”

“Tupakieni,” Tausi alisema. Aliachia pembe ya bango, akashika mlango wa gari. “Masoud, mpakie mama.”

Masoud alimtazama Bwana Wilfred. Bwana Wilfred alitazama viti vya nyuma, vilivyojaa maboksi ya vipeperushi. “Hili ni la shughuli maalumu,” alisema. “Wagonjwa wana gari lao. Pigeni simu.”

“Nitapiga mimi,” alisema Masoud, akiwa tayari ameshapanda. “Napiga sasa hivi, dada. Wasubirini barabarani.”

Gari likapita pembeni, magurudumu yakiwarushia mchanga. Wanawake walimkinga Bi Zuwena uso kwa khanga zao mpaka vumbi lilipotua, wakashika tena pembe za bango, wakainua. Ile sauti haikuwa imekoma. Njia nzima mpaka barabarani Bi Zuwena aliendelea kuuliza, na waliombeba wakawa wanamwambia anyamaze, asijichoshe.